Kuuhoji Moyo: Historia ya Kujihesabu Nafsi kwa Waswahili

Kujihesabu nafsi ni desturi ya mtu kuikalisha nafsi yake chini na kuiuliza inaamini nini juu ya maisha, inaishi kwa imani hiyo au inaitamka tu, na umri unaopita unapita kwa faida ya nani. Desturi hii imo katika dini na falsafa nyingi. Katika pwani ya Afrika Mashariki imeacha maandishi ya muda wa miaka mia mbili, na maandishi hayo yana sura yake ya pekee. Wapuritani wa Uingereza wa karne ya 17 walijihesabu kwa kuandika shajara, kila mtu chumbani kwake. Mtu wa Pate au Lamu aliyetaka kuuhoji moyo wake aliuhoji kwa utenzi, na utenzi ni kitu cha kuimbwa watu wakisikia. Aliyehojiwa alikuwa mmoja. Waliosikia mahojiano walikuwa mji.

Chimbuko la desturi hii ni muhasaba ya Waislamu. Katika Kurani, sura ya Al-Hashri inamtaka kila mtu atazame alichokitanguliza kwa ajili ya kesho yake, na Khalifa Umar bin Al-Khattab anapokewa kuwa aliwahimiza watu wajihesabu wenyewe kabla haijafika siku ya kuhesabiwa. Mawaidha hayo yaligeuka kuwa elimu yenye taratibu zake mikononi mwa Al-Harith bin Asad, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 781 akafariki Baghdad mwaka 857. Watu walimpa jina la Al-Muhasibi kwa ajili ya kazi hiyo. Alichokishughulikia zaidi ni nia. Mtu aweza kuswali, kufunga na kutoa sadaka, na bado kinachomsukuma kikawa ni kutaka aonekane. Kwa hiyo Al-Muhasibi alifuatilia ria, kiburi na husuda mpaka kwenye vijificho vyake ndani ya ibada yenyewe. Imam Ahmad bin Hanbal hakumridhia, kwa kuwa alijiingiza katika mijadala ya elimu ya kalam, yaani ubishi wa hoja juu ya itikadi, na inasimuliwa kuwa waliomsindikiza kaburini walikuwa wachache mno.

Aliyeipa elimu hiyo umbo lililofika pwani ni Abu Hamid Al-Ghazali, mzaliwa wa Tus katika Uajemi, mwaka 1058. Kazi yake kubwa, Ihyaa Ulum al-Din, imegawanyika katika vitabu 40, na kitabu cha 38 ni cha kuichunga nafsi na kuihesabu. Humo amepanga ngazi sita. Asubuhi mtu huiwekea nafsi masharti, mchana huichunga, jioni huihesabu, ikiwa imekosa huiadhibu, kisha huitia katika juhudi, na mwisho huikaripia. Mfano unaopita ndani ya kitabu chote ni wa biashara. Nafsi ni mshirika aliyekabidhiwa mtaji, na mtaji huo ni umri. Fardhi ni rasilimali, sunna ni faida, maasi ni hasara. Ghazali anasimulia pia habari ya Tawba bin As-Simma wa Raqqa, aliyekaa siku moja akapiga hesabu ya umri wake, akakuta ni miaka 60, akaigeuza kuwa siku, zikawa 21,500. Alipowaza kuwa hata kwa dhambi moja tu kila siku angemkabili Mola wake na dhambi 21,500, alianguka akafa. Kwa watu wa miji ya bandari, waliozoea kupekua daftari za mali kila jahazi likirudi, mafundisho ya namna hii hayakuhitaji mfasiri.

Ghazali mwenyewe alikuwa amepita penye jaribu zito kuliko hesabu ya jioni. Mwaka 1091 alipewa nafasi ya kufundisha katika Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad. Mwaka 1095 ulimi wake ulifungika, akashindwa kusomesha. Akaacha cheo, akaondoka kwenda Damascus, Jerusalem na Makka. Katika Al-Munqidh min al-Dalal, aliyoiandika baadaye, alieleza kwamba tangu ujana wake aliona watoto wa Wakristo wakikua Wakristo, wa Mayahudi wakikua Mayahudi, wa Waislamu wakikua Waislamu, akajiuliza ni kipi katika imani ya mtu kilicho kweli na kipi kilicho malezi tu. Akashuku hata macho yake, maana jicho huiona nyota kuwa ndogo kama sarafu. Shaka hiyo ilimkaa karibu miezi miwili.

Hapo pana njia mbili, na historia ya desturi hii pwani haieleweki bila kuzitenganisha. Njia ya kwanza inauliza kama mtu ameishi kwa anachokiamini. Ya pili inauliza kama anachokiamini ni kweli. Pwani iliipokea ya kwanza, ikaitungia, ikaiimba, ikawarithisha watoto. Ya pili ilichelewa sana, na ilipokuja haikupitia mlango wa Ghazali.

Waliovileta vitabu hivi ni masharifu wa Hadhramaut wa tarika ya Alawiya, ambayo imeiweka Ihyaa mbele katika masomo yake. Kuanzia karne ya 16 na ya 17 koo zao zilihamia Pate, Lamu na Comoro, ukiwamo ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim, walii wa Inat aliyefariki mwaka 1584. Walisomesha, waliamua kesi, walioa kwa wenyeji, na baada ya vizazi vichache wajukuu wao walikuwa wakitunga kwa Kiswahili. Nyiradi za Imam Abdallah bin Alawi Al-Haddad wa Tarim (1634–1720) zilifuata njia hiyohiyo ya bahari, na Ratibu yake bado husomwa katika misikiti mingi ya pwani.

Pate ya karne ya 18 ilikuwa na fedha. Mji ulitawaliwa na ukoo wa Nabahani, na biashara yake ilivuka bahari hadi Arabuni na India. Matajiri walijenga nyumba za matumbawe na chokaa, na kuta za ndani zikapambwa safu za zidaka, vishubaka vya kupangia sahani za kaure. Elimu nayo ilikuwepo: Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani, mmoja wa tenzi za kale kabisa zenye tarehe, ni wa Pate, wa mwaka 1728. Kisha mambo yakageuka. Ugomvi wa kurithi kiti ulirudi kizazi baada ya kizazi, na bandari ikazidi kujaa mchanga. Katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812, watu wa Pate na wenzao Mazrui wa Mombasa walishindwa ufukweni na watu wa Lamu, na Lamu ikatafuta himaya kwa Sayyid Said wa Oman. Pate haikuinuka tena.

Katika miaka hiyo, kati ya 1810 na 1820 kwa makadirio ya wachambuzi wengi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Mtunzi alikuwa wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim, na inakadiriwa kuwa wakati huo alikuwa mzee. Utenzi una beti sabini na kitu. Idadi hutofautiana kati ya hati na hati. Kila ubeti una mistari minne ya mizani kumi. Mistari mitatu ya kwanza hubadilisha kina kila ubeti, na wa nne hurudia kina kilekile kuanzia mwanzo wa utenzi hadi mwisho.

Baada ya kumhimidi Mungu na kumsalia Mtume, mtunzi anaugeukia moyo wake na kuanza kuusuta. Anauliza kwa nini hauzinduki, umeona nini katika dunia hata ukaigandama. Anaupitishia mifano: bahari iliyochafuka yenye miamba chini ya maji, mazigazi yanayomkimbiza mwenye kiu, vumbi ndani ya mwale wa jua ambalo mkono ukilifumba hauna kitu, kisima chenye ng'ombe dume anayepiga pembe kila anayekuja kuteka. Moyo haujibu. Ndipo mtunzi anapoacha mifano na kuuonyesha mji wenyewe. Wako wapi matajiri wa Pate, waliotembea wakiringa, ambao majumba yao yaling'aa kwa taa za kioo na za shaba? Zidaka za sahani sasa zimelaliwa na makinda ya ndege. Mende wanavuma ndani ya vyumba, na kumbini panalia nyenje. Anataja masharifu, makadhi na mabibi wa kifahari, akiuliza mmoja baada ya mwingine. Mwisho anautajia moyo majina ya tabaka za Moto na kinachowasubiri wasiozinduka.

Wasomaji wengi wa zama hizi huusoma utenzi huu kama maombolezo ya mji ulioanguka, na hawakosei. Beti za majumba ndizo zenye nguvu kuliko zote. Lakini Pate humo ni ushahidi uliotolewa mbele ya hukumu ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mtunzi. Ngazi ya sita ya Ghazali ni kuikaripia nafsi, na katika ngazi hiyo Ghazali anaandika kurasa nyingi akiisemesha nafsi moja kwa moja, kwa nafsi ya pili, akiiuliza maswali isiyoweza kuyajibu. Al-Inkishafi inafuata mtindo huohuo. Tofauti ni kwamba Ghazali alimwandikia mwanafunzi wa popote, wakati Sayyid Abdallah aliwatajia watu magofu waliyoyapita kila siku wakienda sokoni. Aliyesikia utenzi aliweza kwenda kuhakiki.

Imani inayohojiwa ni moja: kwamba mali, nasaba na heshima ni vitu vya kutegemewa. Mtunzi alikuwa na sababu ya kuihoji kwa ukali, kwa maana mwenyewe alikuwa mtu wa nasaba, na miongoni mwa wafu anaowataja wamo watu wa tabaka lake. Jambo moja hakuligusa. Watumwa waliojenga na kuzihudumia nyumba hizo hawaulizwi walikwenda wapi. Kujihesabu kwake kulikuwa kwa kweli, ila kulikuwa ndani ya mipaka ya kile ambacho tabaka lake lilikiona kuwa ni swali.

Namna utenzi ulivyoishi ilisaidia kuufanya mali ya wote. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa lahaja ya kaskazini, ukanakiliwa kwa mkono na kusomwa kwa mahadhi. Anayeimba husema "moyo wangu", na kila msikilizaji huukuta moyo wake umetajwa. Mwandishi maarufu wa nakala hizi alikuwa Muhammadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata 1855 na kufariki 1945. Alikuwa pia mshairi, mchonga milango na fundi wa ngoma, na baadhi ya wacha Mungu wa mji hawakuupenda mchanganyiko huo. Yeye ndiye aliyewanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1915 Al-Inkishafi ilitokea ndani ya kitabu cha sarufi cha Stigand kwa kazi ya W. E. Taylor, na mwaka 1939 William Hichens aliichapa London peke yake. Tangu hapo wako waliouhoji moyo wa Sayyid Abdallah kwa Kiingereza kabla ya kuusikia kwa Kiswahili.

Tawi la pili la desturi hii ni wasia. Hapa anayejihesabu hauambii moyo wake. Anamwambia mtoto, na kwa kuchagua la kumwachia analazimika kuamua yeye mwenyewe ameamini nini maisha yake yote. Mfano unaojulikana kuliko wote ni utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, wa mwaka 1858. Mwana Kupona alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka wa Siyu, mtawala ambaye watu wake waliyazuia majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1840. Mataka alikufa mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane, mgonjwa wa muda mrefu, alimwita binti yake Mwana Hashima akae karibu na wino na karatasi. Beti ni zaidi ya mia moja, za mizani minane, zile za kawaida za utenzi.

Anaanza na Mungu, Mtume na wazazi, kisha mume, kisha adabu za kukaa na watu, wakubwa kwa wadogo, na anamalizia kwa dua ndefu kwa ajili yake, watoto na ndugu. Sehemu ya mume imezua mjadala mwingi, kwa kuwa inadai utiifu ambao wasomaji wa leo wanaukataa. Wengine wanaona ndani yake kejeli au mbinu ya mwanamke ya kuitawala nyumba. Ubishi huo umefunika sehemu nyingine yenye uzito. Mama huyu anaitaja ndoa yake mwenyewe kuwa ushahidi: aliishi hivi na Mataka, na Mataka alikufa akiwa radhi naye. Anachomwachia binti amekwisha kukijaribu. Utendi ulienea kwa wanawake, ukanakiliwa na kufundishwa mabinti, mpaka Werner na Hichens walipouchapa mwaka 1934.

Nje ya tenzi, mambo yalikuwa mepesi zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitumia shairi fupi la mistari minne kuhoji umaskini, bahati, siasa na mapenzi kwa ulimi wa sokoni, na mara nyingi alikuwa akimjibu mshairi mwingine kuliko kujijibu mwenyewe. Nathari ndiyo iliyokuwa maskini kabisa upande huu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1905. Kitabu kimejaa safari, pembe za ndovu, madeni, vita na ujanja wa kupata njia. Hakuna mahali anaposimama kuuliza kama ilimpasa. Mtu huyo alikuwa Mwislamu wa pwani, na mawaidha ya kujihesabu hayangeweza kumpita. Ila hakuona kuwa wasifu ndipo mahali pake. Hesabu ya nafsi ilikuwa na nyumba yake, na nyumba hiyo ilikuwa utenzi.

Ukristo ulileta wasikilizaji wapya. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo mwaka 1868, na pamoja na katekisimu wakaja na kitubio: muumini anaichunguza dhamiri yake kimya, kisha anasema kwa sikio la padre mmoja aliyefungwa kutunza siri. Kwa pwani hiyo ilikuwa namna ngeni, hesabu isiyosikiwa na jirani.

Katika bara ilitokea kinyume chake kabisa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia kwenye misheni ya Kianglikana ya Gahini, Rwanda, na kwa urafiki wa Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929. Katikati ya miaka ya 1930 ulishika kusini ya Uganda, ukaingia Kenya mwaka 1937, na Tanganyika kupitia Bukoba. Walokole, kama wafuasi wa Uamsho walivyoitwa, walikutana katika vikundi, na kila mmoja alisimama akaeleza mbele ya wenzake alichoiba, alichodanganya, aliyemchukia. Waliiita kutembea nuruni. Watu walirudisha mali walizoiba miaka iliyopita. Waajiri walipokea jembe au fedha wasizojua kuwa zimepotea. Maaskofu na wazee wa ukoo walilalamika kwamba siri za ndoa zinaanikwa hadharani, na malalamiko hayo yalikuwa na msingi, kwa maana ushuhuda wa mtu mmoja hutaja dhambi za wawili. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, baada ya 1952, Walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo, na baadhi yao waliuawa kwa ajili hiyo.

Uamsho na Al-Inkishafi havikujuana, lakini vimefanana katika jambo moja: vyote viwili vinachukulia kuwa hesabu isiyosikiwa na wengine haijakamilika. Vinatofautiana katika ushairi. Mlokole hakutakiwa kusema vizuri. Ilitosha aseme kweli, na aliyesema vizuri kupita kiasi alitiliwa shaka.

Nathari ya Kiswahili ilipata hesabu yake ya nafsi kwa Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam, akafanya kazi ya ukarani katika idara za serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Maisha Yangu ilitoka mwaka 1949, na sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, ilifuata. Ndani ya wasifu huo amezitia Utenzi wa Hati, kwa binti yake, na Utenzi wa Adili, kwa mwanawe, baada ya mama yao kufariki. Huo ni wasia wa Mwana Kupona uliohamia katika kitabu cha nathari, na safari hii mwenye kuusia ni baba.

Jipya katika wasifu wake ni mambo ya ofisini. Shaaban anajihesabu kama mtumishi: alifanyaje kazi, alichukuliaje kudharauliwa na mfumo uliompima mtu kwa rangi, aliwezaje kubaki na imani kuwa binadamu ni wamoja huku kila siku akionyeshwa kinyume. Dini yake ni Uislamu, lakini kipimo anachokirudia ni utu, ambacho msomaji wa dini yoyote anaweza kujipimia. Ziko kurasa ambazo ametulia kuliko inavyostahili, na msomaji hutamani angekasirika zaidi. Alifariki mwaka 1962, uhuru wa nchi yake ukiwa na umri wa miezi sita.

Mwaka huohuo chama kilichukua nafasi ya msikilizaji. Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, akamwachia Rashidi Kawawa, ili akijenge upya chama cha TANU, na katika miezi hiyo aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Kinawaambia viongozi na wanachama makosa yao, ubinafsi ukiwa mbele, na kinawataka wakosoane bila kuogopana na waseme kweli bila kujali aliyeisema ni nani. Jina lenyewe limebeba wingi: anayejihesabu sasa ni "sisi". Miaka mitano baadaye Azimio la Arusha lilifunguliwa kwa imani ya TANU, orodha ya mambo ambayo mwanachama anaamini, ya kwanza ikiwa usawa wa binadamu wote. Imani ya maisha ilikuwa imepata katiba, na ilikaririwa shuleni. Kukariri hakukuwa kujihesabu, na Nyerere, aliyekwisha kulalamikia wanaosema wasichokitenda, alilijua hilo.

Swali la pili la Ghazali, lile la kama imani yenyewe ni kweli, liliingia katika maandishi ya Kiswahili kwa kishindo katika miaka ya 1970, kupitia Euphrase Kezilahabi. Hakutoka pwani. Alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944, akapita seminari kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akasoma falsafa ya Ulaya ya karne ya 20. Rosa Mistika (1971) iliwashtua walezi na walimu kwa kuonyesha msichana aliyefugwa kwa hofu na kuharibika kwa hofu hiyohiyo. Kichwamaji (1974) ilikwenda mbali zaidi. Msimulizi wake, Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anauhoji ukoo, Mungu, elimu, mapenzi na kuzaa, na hakuna kinachosimama. Mwishoni anajiua.

Mwaka huohuo wa 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kawaida, na ugomvi uliofuata ulidumu miaka mingi. Waliopinga walisema ameua ushairi. Kwa historia ya kujihesabu, walikuwa wamegusa jambo la kweli zaidi ya walivyokusudia. Kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti wa Al-Inkishafi humwambia msikilizaji kuwa liko jibu linalongoja, na kwamba anayehoji na anayesikia wanalijua. Kezilahabi aliandikia watu ambao hawakuwa na jibu la pamoja, na kila msomaji alisoma peke yake. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) alivunja hata hadithi yenyewe. Mtafutaji anapita katika mahali pasipo na jina, akikutana na sauti, vivuli na wanafalsafa, asijue kama anayetafutwa ni Mungu, kweli au yeye mwenyewe. Kezilahabi alifariki Januari 2020.

Namna za zamani hazikukoma kwa sababu ya mpya. Wakati wa Ramadhani darsa za muhasaba bado hutolewa misikitini baada ya alasiri, vikundi vya uamsho bado hukutana kwa ushuhuda, na washairi wa magazeti bado huwausia wanao kwa beti. Al-Inkishafi na utendi wa Mwana Kupona vilichapwa pamoja na habari za shujaa Fumo Liyongo katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichohaririwa na M. M. Mulokozi mwaka 1999, na mwanafunzi wa fasihi wa chuo kikuu leo huweza kuvisoma muhula mmoja na Kichwamaji.